Ukimpenda mwandishi, msome na maisha yake

Watu wakiniuliza nifanyeje nipende kusoma huwa wanataka niwape listi ya vitabu, na mimi listi sitoi. Nawaambia chagua mwandishi mmoja tu ukae nae, soma kazi zake, alafu tafuta maisha yake, alifanya kazi gani, alimzika nani, nyumbani kwake kulikuwaje, alafu rudi tena kwenye kazi zake. Kusoma kulinikolea kwa njia hiyo, na mwandishi mwenyewe alikuwa Shaaban Robert.

Shuleni tulimsoma kama mnavyojua, dhamira, wahusika, mtindo, ukimaliza mtihani umemaliza na yeye. Baadae nikakutana na kitabu alichosimulia maisha yake mwenyewe, Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, kwenye vitabu vya mtumba pale Posta, nikakinunua kwa vile kilikuwa bei rahisi tu, na humo ndo nikamkuta mtu. Kamuoa Amina, Amina kafariki, na yeye kamtungia shairi la kumuaga ambalo mpaka leo nikilisoma kwa sauti sifiki mwisho bila kusimama. Alafu kitabu hicho hicho kina Utenzi wa Hati aliomwandikia binti yake na Utenzi wa Adili kwa ajili ya mtoto wa kiume. Tendi hizi wengi wetu tunazijua kama mawaidha, ubeti huu unafundisha nini, ule unafundisha nini, basi. Sasa jamani zisome siku moja na lile shairi la Amina, usiku, simu ukiwa umeiweka mbali, utaona ni mzazi anaongea na wanawe na ana haraka ya kusema yote kabla siku hazijaisha.

Na kitu kingine kilichonishika ni kazi yake. Alikuwa karani wa serikali. Alianza idara ya forodha mwaka 1926 akiwa kijana wa miaka 17, akapita idara ya mifugo, ofisi ya wilaya Tanga, ofisi ya upimaji, yaani maisha yake karibu yote asubuhi anaenda kwenye ajira ya mkoloni na vitabu anaviandika kwenye muda unaobaki. Ukilijua hilo chukua Kusadikika, cha mwaka 1951, ile nchi inayoelea angani ambako Karama anashtakiwa kwa kuwa anataka watu wafundishwe sheria. Mtu anaelipwa mshahara na serikali ile ile ndio kaandika hivyo! Mimi nilikisoma upya kwa siku mbili, nikawa naelewa kwanini nchi yenyewe kaipeleka angani asiiweke duniani.

Ukitaka kumkaribia zaidi zipo barua zake kwa mdogo wake Yusuf Ulenge, za kuanzia 1931 mpaka 1958, zilichapishwa mwaka 2002. Barua haina mapambo ya kitabu. Ni mtu na ndugu yake, na kwangu mimi ndio usomaji mtamu kuliko wote.

Nikatoka hapo nikaenda kwa Mwana Kupona, mshairi wa kisiwa cha Pate, maana mtu akishazoea njia hii mwandishi mmoja anakupeleka kwa mwingine. Utendi wake wa mwaka 1858 nimesikia ukibishaniwa sana, wengine wanasema anamfundisha mwanamke kuwa mtumwa wa mume, wengine wanautetea, na mabishano ni haki yao. Ila wengi wanaobishana hawasemi kwamba mama huyu alikuwa mgonjwa, mwenyewe anasema humo maradhi yamemshika mwaka mzima, mumewe Bwana Mataka, aliekuwa mkubwa wa mji wa Siyu hapo hapo Pate na akapigana na Sayyid Said wa Zanzibar, alishafariki, na aliebaki mbele yake ni binti, Mwana Hashima, anaeambiwa asogee na karatasi na wino. Unaweza ukaendelea kutokubaliana na mafunzo yake, mimi mwenyewe kuna beti sikubaliani nazo, ila huwezi kuusoma tena kama tangazo la sheria za ndoa.

Ila nakuomba kitu kimoja, kazi itangulie. Usianze na maisha. Ukianza na maisha unaishia kwenye umbea, nani alikuwa na nani, alikuwa anakunywa, hakuwa anakunywa, na kitabu hukifungui kabisa. Na usichukue maisha kuhukumia riwaya. Mwandishi Euphrase Kezilahabi alipotoa Rosa Mistika, riwaya ya msichana anaeitwa Rosa, mwaka 1971 kitabu kikapigwa marufuku mashuleni kwa kipindi, watu wakaona mambo ya Rosa ni aibu, na mpaka leo utakuta msomaji anatafuta Rosa alikuwa nani kweli huko Ukerewe. Mwacheni Rosa awe Rosa! Kujua kwamba Kezilahabi ni mtoto wa Ukerewe, kazaliwa 1944, kasomea seminari, kunakusaidia kuusikia ukali wa baba yake Rosa na ukimya wa nyumba ile, hapo panatosha.

Kwa anaeanza, mashairi soma kwa sauti, hata kama uko peke yako. Kitabu kikikushinda kurasa za mwanzo kiache wiki moja urudi, usikitupe. Na tafuta mtu mmoja wa kusoma nae kitabu hicho hicho, sio grupu la watu mia, mmoja tu, mimi na dada yangu tunatumiana voisi za dakika kumi kumi kila mtu na alipofika na mara nyingi tunagombana, akisema nimemuonea mhusika fulani ananipa sababu, nalazimika kurudi kusoma sura nzima.

Sasa hivi tupo kwenye Dunia Uwanja wa Fujo ya Kezilahabi, yeye yuko mbele. Kama una Kichwamaji, riwaya yake nyingine, nakala iliyokamilika niambie kwenye komenti, yangu imenyofoka kurasa za katikati, nina Utubora Mkulima ya Shaaban Robert mbili naweza kukupa moja tubadilishane.