Kile kidoti sio pete ya ndoa

Hapana mkuu, unasema mwanamke wa Kihindi akiwa na bindi, kile kidoti cha kwenye paji la uso, basi kaolewa, ila siku hizi haimaanishi hivyo. Nimesoma Pune, mji wa India, miaka mitatu na mabinti wa darasani kwetu ambao hata wachumba hawana walikuwa wanabandika, tena ni stika tu zinauzwa dukani rangi zote, mtu anachagua ya kuendana na nguo. Zamani ile nyekundu kwa sehemu nyingi ilikuwa ya mke wa mtu, hapo hujakosea. Alama ya ndoa yenyewe angalia sindoor, ule unga mwekundu unaopakwa kwenye mstari pale nywele zinapogawanywa, au mangalsutra, mkufu wa shanga nyeusi na dhahabu. Ila hata hizo usizitegemee sana maana dada wengi wa maofisini mjini wanapiga jinzi zao na hawaweki kitu, sindoor anaipaka siku ya sikukuu au akienda kwa mama mkwe 😂 Halafu hayo ni ya Wahindu zaidi, Waislamu na Wakristo wa kule wengi hawavai, na Wahindu wa Kibengali, wa mashariki mwa India, wao mke utamjua kwa bangili nyeupe na nyekundu.