Kadi inapita testi saa nzima halafu gemu inakufa kwenye menyu: yaliyonikuta mimi

Mkuu tulia kwanza, hiyo kadi yako ya michoro (GPU) haijafa. Umesema umeiovakloki, yaani umeipandisha kasi kupita ya kiwandani, umeweka MHz +150 kwenye kloki ya chipu na +1000 kwenye memori, FurMark (ile programu ya kuitesa kadi kwa picha ya donati yenye manyoya) imekimbia saa nzima bila tatizo, halafu ukifungua gemu inakaa dakika 20 inakufa, na mara nyingine inakufia kwenye menyu hujaanza hata kucheza. Hilo tatizo mimi limenitesa wiki mbili, nikalaumu gemu, nikalaumu draiva, nikafikia hadi kufuta Windows na kuiweka upya, upuuzi mtupu, kumbe kosa lilikuwa kwenye namna nilivyokuwa natesti.

Iko hivi. Ile donati yenye manyoya inaitwisha kadi mzigo mzito mno, ndani ya sekunde chache kadi inagonga kikomo chake cha umeme, na ikishagonga inajishusha kloki yenyewe ili isivuke wati ilizopangiwa. Kwa hiyo wewe unafurahi +150 imepita, kumbe saa nzima kadi ilikuwa inatembea MHz 1650 huko, haijagusa hata siku moja ile 2050 unayoiota. Sasa njoo kwenye gemu, uko kwenye menyu au unasubiri ramani ifunguke au umegeuza kamera unatazama anga, mzigo ni mwepesi, umeme umebaki mwingi, kadi bado ya baridi, basi inapanda mpaka kileleni na huko kileleni ndiko ambako ovakloki yako haijawahi kupimwa. Ndo maana inakufa ikiwa haina kazi, jambo ambalo mwanzoni linachanganya kweli, maana wote tumezoea kwamba kitu kinakufa kikizidiwa.

Ukiielewa hii +150 vizuri utaona mantiki yake. Sio kwamba unaiambia kadi kimbia 150 zaidi basi. Kadi ina kurva, yaani mchoro unaoonyesha kila kiwango cha volteji na kloki yake, na ukisogeza slaida unainyanyua kurva yote kwa pamoja, katikati kote na kileleni pia. Inawezekana kabisa katikati kwenye volteji 0.9 chipu inabeba hiyo 150 bila kutoa jasho, lakini juu kwenye 1.05 inabeba 75 tu na zaidi ya hapo inatema. Halafu joto nalo liko ndani ya hesabu, kadi za Nvidia zinapunguza kloki kidogo kidogo kadiri zinavyopata moto, hatua ya MHz 15 hivi kila mara, kwa hiyo kadi ya nyuzi 45 inapanda juu kuliko hiyo hiyo ikiwa nyuzi 70. Watu wanatesti kadi ikiwa imeshachemka wanasema iko stebo, kesho yake wanawasha kompyuta ya baridi, gemu inakufa dakika ya tatu.

Mimi nilijua baada ya kuwasha logi kwenye Afterburner (programu ya kurekebisha kadi), ile inayoandika kwenye faili kila sekunde. Fanya na wewe, ni bure. Weka kloki, volteji, joto, wati na asilimia ya mzigo, cheza mpaka ife, halafu fungua faili uangalie mistari ya mwisho kabla ya kufa. Zangu nilikusanya tano, zote tano kloki ilikuwa juu ya 2040, joto chini ya 60, na mzigo ulikuwa umetoka kushuka au unapanda ghafla. Hakuna hata moja iliyokufa katikati ya vita ambako feni zinalia kama mashine ya kusaga.

Ila kabla hujafika huko kuna kitu nakuomba ufanye na najua hutaki, rudisha kila kitu sifuri. Chipu sifuri, memori sifuri, kikomo cha umeme cha kiwandani, ucheze siku mbili tatu gemu ile ile. Ikifa na hapo basi tuache kuongelea ovakloki. Nina jamaa alihangaika na kadi yake mwezi mzima kumbe ni RAM ya kompyuta aliyoiwashia XMP (setingi ya kuipa RAM kasi zaidi), alivyoizima tu gemu ikatulia, na kadi ikarudi na ovakloki yake yote kama kawaida. Ukiona kompyuta yote inazima na kujiwasha kama mtu amechomoa waya, na kwenye Event Viewer (sehemu Windows inakoandika matukio yake) kuna Kernel-Power 41, mimi ningeanza kushuku umeme kabla ya chipu. Angalia kadi inalishwaje, kama ina matundu mawili ya pini 8 usiilishe kwa waya mmoja wenye vichwa viwili, pitisha waya mbili tofauti kutoka kwenye pawa saplai, kwa sababu kadi hizi zinavuta umeme kwa mshtuko, wastani unaweza kusoma wati 220 lakini kwa milisekunde chache ikaruka juu sana na saplai dhaifu ikakata.

Kukiwa ni kloki ya chipu dalili yake huwa nyingine, skrini inaganda, inakuwa nyeusi sekunde kadhaa, halafu unarudishwa kwenye desktopu gemu haipo. Hapo Windows imeisubiri kadi sekunde 2 haijajibu, ikaamua kuiwasha upya draiva. Ukienda Event Viewer utakuta Display 4101 au maneno ya nvlddmkm (draiva ya Nvidia), na kwenye Reliability Monitor unaweza kukuta LiveKernelEvent 141. Usianze kugugo hizo namba usiku kucha kama mimi, utakutana na watu elfu wenye sababu elfu, zenyewe zinasema tu kadi iliacha kujibu.

Memori ndo kichaa kwa kweli, na hiyo +1000 yako inanitia wasiwasi kuliko hata +150. Zamani memori ikizidiwa ulikuwa unaona, vidoti vinamweka, vimraba vya rangi, ukuta unageuka zebra. Siku hizi memori za kadi za aina ya GDDR6X na wenzake zina utaratibu wa kugundua data iliyoharibika njiani na kuituma tena, kwa hiyo huoni kitu, haifi, inapoteza muda tu kwenye kurudia rudia. Mtu anaongeza anaongeza anajiona fundi, kumbe fremu zinashuka. Niliipima yangu kwenye sehemu moja ya gemu, kamera ile ile, nimesimama sijagusa kitu: +600 ilinipa fremu 94, +800 ikanipa 95, +1000 ikanipa 91. Haikufa hata mara moja! Nisingepima ningekaa na +1000 mpaka leo naringa nayo. Kwa hiyo memori usiulize kama inakufa, uliza kama inaongeza, panda 100 100 na kila hatua upime, pale fremu zinapoacha kupanda rudi nyuma 200 ukae hapo. Na kama yako ni GDDR6X angalia na joto la memori lenyewe kwenye HWiNFO (programu ya kusoma vipimo vya kompyuta) maana chipu inaweza kuwa nyuzi 65 huku memori iko 100 na kitu, ikifika 110 inaanza kujipunguza.

Na usizipandishe zote mbili kwa pamoja. Memori sifuri kwanza, malizana na chipu, ndo uende kwenye memori.

Kwa chipu mimi niliachana na slaida kabisa. Kwenye Afterburner bonyeza Ctrl na F, kurva yenyewe inafunguka, unachagua nukta moja, mimi nilichukua 0.925 nikaipandisha mpaka 1950, halafu nukta zote za kulia kwake nikazilaza zilingane nayo, yaani kadi hata ikiwa ya baridi hata mzigo uwe mwepesi haina kilele cha kupanda, mwisho wake ni 1950. Kile kilele cha 2055 kilichokuwa kinaniua kikaondoka. Nilipoteza fremu mbili hivi, nikapata joto pungufu la nyuzi 8 na feni zikanyamaza. Namba zangu usizikopi, kila chipu na bahati yake hata kama kadi zinafanana mpaka boksi, anza na kloki ya chini ongeza 15 15.

Kutesti sasa. Donati weka pembeni, hiyo ni ya kupima joto na saplai. Tumia gemu lenyewe, na kama una gemu lenye ray tracing (mwanga na vivuli vinavyokokotolewa kwa kufuata miale) tumia hilo, kwa sababu ray tracing inaamsha sehemu za chipu ambazo gemu za kawaida zinaziacha zimelala, yangu ilipita gemu tatu za kawaida siku nne nikaja kuwasha ray tracing ikakata dakika 10, ikabidi nishushe 30. Cheza, toka uende kwenye menyu, rudi, minimaizi, fungua video, rudi tena, hiyo panda shuka ndo inayoumbua ovakloki ya uongo. Na siku ya kwanza anza kompyuta ikiwa ya baridi.

Wenye AMD, angalieni kitu kimoja, Adrenalin (programu ya AMD ya kurekebisha kadi) mara nyingi baada ya krashi inarudisha setingi za kiwandani yenyewe, unaendelea kucheza masaa matatu unasema sasa imekubali, kumbe unacheza sifuri. Hakikisha namba zako bado zipo kabla hujashangilia.

Lingine dogo, usiwashe ile ya Afterburner ya kuapply setingi Windows ikiwaka mpaka utakapokuwa na uhakika. Mimi niliiwasha mapema, kompyuta ikawa inakufa kila ikifika desktopu, nikaenda kuitoa kwa Safe Mode saa nane usiku.

Anza na sifuri hizo siku mbili, ikipita washa logi uweke hapa mistari 10 ya mwisho kabla ya kufa, na useme waya za umeme umezipitishaje maana hilo hukulitaja.