Vidole vinageuka vyeupe, ngozi inakaza, nifanyeje?

SWALI: Habari dada. Mi nina miaka 38, ilianza kidogo tu, nikishika kitu cha kwenye friji vidole vinakuwa vyeupe pee halafu bluu, vikirudi vinakuwa vyekundu na vinawaka moto, ikaenda hivo karibu mwaka mzima. Baadae pete ikagoma kutoka, ngozi ikakaza inang'aa, sasa hivi hata kumfunga mtoto vifungo vya shati ni kazi. Daktari kasema ni skleroderma, nikatoka pale sijaelewa kitu. Mume wangu ananiangalia kama nitamwambukiza. Mwenzangu kazini kanipa prednisoloni zake, anasema zilimsaidia viungo, nimeze? Na hii kitu inapona?

JIBU: Mdogo wangu, naanza na hizo prednisoloni: usimeze, mrudishie mwenyewe. Hizo ni steroidi, dawa za kupunguza uvimbe na kutuliza kinga ya mwili, na kwa mtu mwenye skleroderma steroidi za dozi kubwa, hasa zaidi ya miligramu 15 kwa siku, zinaongeza hatari ya figo kushambuliwa ghafla, presha inapanda kwa kasi, kichwa kinagonga, macho yanaona ukungu, pumzi inakata. Hatari yenyewe ni kubwa zaidi miaka ya mwanzo, na kwa wale ambao ngozi inakaza mbiombio mpaka juu ya viwiko na kifuani. Zamani hali hiyo iliua wengi, siku hizi kuna dawa kama kaptopril, ila ziwahi. Kwa hiyo naomba upate mashine ya presha ukae nayo nyumbani, pima, andika kwenye daftari, na siku ukiona namba ya juu iliyozoea 110 imeruka mpaka 145, usingoje tarehe ya kliniki, nenda siku hiyohiyo.

Mumeo mwambie haiambukizi, si kwa kugusana, si kwa chombo, si kitandani. Ni kinga ya mwili wako yenyewe imekosea, inazichochea seli zinazotengeneza kolajeni, zile nyuzi zinazoipa ngozi uimara, zinatengeneza kupita kiasi, na mishipa midogo ya damu nayo inabana. Tena vidole vikigeuka vyeupe akushike mikono, joto la viganja vyake linasaidia kweli.

Na usipashe vidole peke yake. Kifua na tumbo vikipoa mwili unabana damu ya vidoleni, kwa hiyo sweta na kofia vina kazi sawa na glavu, na glavu uivae kabla ya kufungua friji. Kama unavuta sigara, acha. Isipotosha muulize daktari kuhusu nifedipini, dawa ya kutanua mishipa ya damu, na kidonda chochote kwenye ncha ya kidole kionwe mapema.

Kuhusu vile vifungo: asubuhi chovya mikono kwenye maji ya uvuguvugu, joto lipime kwa kiwiko, paka mafuta mazito, halafu laza kiganja mezani ukikandamize taratibu kwa mkono wa pili mpaka vidole vinyooke, hesabu mpaka 10. Rudia kila siku, hata siku ambayo huoni tofauti. Mdomo nao uufungue wote mbele ya kioo, maana ngozi ya pale ikikaza hata mswaki unakuwa shida kuingia.

Ukirudi kwa daktari muulize ni aina gani, na umwombe kipimo cha mapafu na eko ya moyo, yaani ultrasaundi ya moyo, hata kama hukohoi, kwa sababu mapafu yanaweza kuanza kuharibika kimyakimya. Kiungulia ukiwa nacho mwambie pia, wengi wanakipuuza.

Kupona kabisa, hapana, dawa ya kuiondoa bado haijapatikana, ila inatulizwa. Mikofenoleti, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, inasaidia ngozi na mapafu, lakini kama unafikiria mimba sema kabla hujaianza, inadhuru mtoto tumboni. Na wengi ngozi inalainika yenyewe baada ya miaka kadhaa.

SWALI: Mi vidole vinabadilika rangi tu kwenye baridi, ngozi ipo kawaida. Na mimi ninayo?

JIBU: Si lazima, watu wengi wana hiyo hali ya Raynaud peke yake na inaishia hapo. Daktari atakuangalia mishipa ya kwenye shina la kucha kwa lenzi na kukupima damu kipimo cha ANA, kinachoonyesha kama kinga inashambulia mwili wenyewe, vikiwa safi vaa glavu zako uendelee na maisha. Vidole vikianza kuvimba asubuhi, rudi.