Chakula cha Jioni cha Kisisilia: Pika Leo, Wageni Wale Kesho

Juzi msomaji mmoja wa Dar es Salaam ameniandikia: "Dada, mume wangu analeta wakubwa zake wa kazini Jumamosi jioni. Nimeshasema nitapika chakula cha Sisilia. Nipike nini washibe, na mimi nisionekane nimechoka?" Nilimjibu kwa kifupi siku ile, lakini swali lake limenikaa rohoni. Wengi mnaniuliza hilohilo, na jibu langu mimi halikutoka kwenye kitabu cha mapishi.

Nilikuja Palermo, mji mkuu wa kisiwa cha Sisilia huku Italia, kumtunza bibi mmoja mzee, nyumba yake hatua chache tu kutoka soko la Ballarò. Nimwogeshe, nimpe dawa, nimpikie. Kule kumpikia ndiko kulikokuwa kazi. Anakaa kwenye kiti chake mlangoni mwa jiko, macho hayaoni vizuri, lakini akisikia mafuta yanavyolia kikaangoni anajua biringanya nimeziwahisha. "Toa! Ngoja yapate moto!" Mafuta yakiwa hayajakolea moto, biringanya inayanywa yote na caponata, yaani rosti ya biringanya ya siki na sukari, inakuwa nzito tumboni. Aliniambia hivyo kila wiki mpaka nikawa nasikia mwenyewe.

Alipofariki nilikwenda kuomba kazi ya upishi kwenye mgahawa mmoja. Mwenye mgahawa akanitazama juu mpaka chini, akasema chakula cha Kisisilia kinapikwa na Msisilia. Akanipa kazi ya kuosha vyombo. Maneno yale sijayasahau, na sitaki kuyasahau. Nasugua masufuria huku naona caponata inapelekwa mezani inafuka moshi, na najua kabisa kwamba si hivyo inavyoliwa.

Siku hizi napika kwenye shughuli za watu, majumbani. Jumapili iliyopita mzee mmoja aliongeza sahani ya anelletti, tambi za pete, kisha akaja jikoni kuniuliza mama yangu ni wa mtaa gani wa Palermo. Nikamwambia ni wa Tanga. Alinishika mkono akaubusu. Nawaambieni haya kwa sababu nataka muamini: chakula hiki kinafundishika, na ukikijua hakuna wa kukunyang'anya.

Sasa siri ni moja. Pika mapema. Vyakula vya Kisisilia vya kushibisha vinataka kulala.

Anza na caponata, Ijumaa. Kilo moja ya biringanya, kata vipande kama kete za dadu kubwa, nyunyizia chumvi, ziache zitoe maji, zikaushe, kaanga peke yake. Pembeni kaanga kitunguu na seleri uliyoichemsha kidogo, tia nyanya, zeituni za kijani, na kaperi, yaani vile vitumba vya maua vilivyohifadhiwa kwa chumvi, ambavyo huku vinasifika vikitoka kisiwa cha Pantelleria. Osha chumvi yake kwanza. Kisha sukari vijiko viwili vya chakula na siki vijiko vinne, iache ichemke mpaka ile harufu kali ya siki itulie, ndipo urudishe biringanya. Ukiionja saa hiyo utaona siki na sukari zinagombana. Funika, ilale. Kesho yake zimepatana, na inaliwa hivyohivyo bila kupashwa.

Chakula chenyewe cha kujaza meza ni anelletti al forno, tambi za pete ndogondogo zinazookwa, fahari ya Palermo. Mchuzi wa nyama ya kusaga upike kwa moto mdogo mpaka mafuta yaelee juu, tia njegere mwishoni. Huku wengi huchanganya na nyama ya nguruwe. Mimi natumia ya ng'ombe tupu na hakuna aliyewahi kulalamika. Tambi zitoe zikiwa bado ngumu, changanya na mchuzi, biringanya za kukaanga na jibini, panga kwenye chombo ulichokipaka siagi na kukinyunyizia chenga za mkate. Oka. Ikitoka kwenye oveni iache itulie kama dakika 20 kabla hujaipindua, la sivyo inamwagika. Hata hii unaipanga Ijumaa, Jumamosi unaoka tu.

Kama wageni wanapenda samaki, kuna pasta con le sarde: sadini, shamari ya mwituni, zabibu kavu, njugu za msonobari, zafarani. Juu hawatii jibini, wanatia chenga za mkate zilizokaangwa kwa mafuta ya zeituni mpaka zipate rangi ya dhahabu. Maskini hakuwa na jibini, alikuwa na mkate wa jana.

Mtu wa Pwani hapa hapotei. Waarabu walitua Mazara, pwani ya Sisilia, mwaka 827, wakaitwaa Palermo mwaka 831, na jiji likabaki mikononi mwa Waislamu mpaka Wanormani, wapiganaji waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, walipoliteka mwaka 1072. Biringanya, miwa na malimau vilifika kisiwani na watu hao. Ukienda mji wa Trapani, magharibi mwa kisiwa, leo utakuta kuskusi ya mchuzi wa samaki: akina mama wanaviringisha unga wa semolina kwa vidole ndani ya bakuli la udongo, wanaupika kwa mvuke. Yule mwenye mgahawa anakula historia hiyo kila siku, halafu ananiambia mimi mgeni.

Kwa hiyo dada zangu, acheni kupikia wageni kwa hofu. Acheni kuhangaika na vyakula vitano kwa wakati mmoja huku jasho linawatoka na mgeni anabisha hodi. Pikeni mapema, mwoge, mvae vizuri, mkae mezani na wageni wenu. Mwanamke aliyepika naye ana haki ya kula kingali cha moto.

Kitu kimoja tu usikitangulize: cannoli, kitamutamu cha ganda la kukaanga linalojazwa rikota, jibini laini. Maganda yanaweza kukaa, rikota iliyotiwa sukari inaweza kukaa kwenye friji, lakini usivikutanishe mpaka sahani za chakula ziondolewe. Ganda likijazwa mapema linalegea, na raha yote ya cannoli ni ule mlio wa kuvunjika.