Kampuni za Simu za Marekani Zinagombania Nini? Maswali ya Wasomaji na Majibu

Wasomaji kadhaa wameuliza kuhusu minada ya masafa (mawimbi ya redio yanayobeba mawasiliano ya simu), miungano ya kampuni za simu nchini Marekani, na uhusiano wa mambo hayo na mtandao unaomfikia mteja. Maswali yanayofanana nimeyaunganisha.

Masafa si hewa tu? Inakuwaje kampuni zilipe mabilioni ya dola kwa kitu kisichoshikika?

Kinachonunuliwa ni haki ya kuyatumia peke yako. Minara ya kampuni mbili ikirusha mawimbi kwa masafa yaleyale katika eneo moja, mawasiliano ya pande zote mbili huvurugika, kwa hiyo ni lazima awepo mwamuzi wa kusema nani atumie kipande kipi na wapi. Nchini Marekani mwamuzi huyo ni Tume ya Mawasiliano ya Shirikisho, FCC.

Zamani tume ilikuwa ikisikiliza waombaji kama kesi, kisha katika miaka ya 1980 ikageukia bahati nasibu, ambayo iliwavutia watu wengi wasiokuwa na nia yoyote ya kujenga mnara. Kundi moja lililobahatika kupata leseni ya eneo la Cape Cod, Massachusetts, liliiuza upesi kwa kampuni ya Southwestern Bell kwa dola milioni 41. Bunge liliruhusu minada mwaka 1993, na wa kwanza ukafanyika Julai 1994 kwa utaratibu ambao wanauchumi Paul Milgrom na Robert Wilson, washindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2020, walishiriki kuubuni. Leseni nyingi hunadiwa kwa wakati mmoja, raundi baada ya raundi, ili kampuni inayoona bei ya jiji moja imepanda mno iweze kuhamishia fedha zake kwenye jiji jingine kabla mnada haujafungwa.

Bei zake zinaweza kumtisha mtu. Katika mnada uliomalizika mapema mwaka 2021, megahezi 280 kati ya gigahezi 3.7 na 3.98 (hivi ni vipimo vya masafa; gigahezi moja ni megahezi 1,000) ziliuzwa kwa zaidi ya dola bilioni 81, na kampuni ya simu ya Verizon peke yake ilitoa zaidi ya bilioni 45. Mwaka mmoja kabla ya hapo T-Mobile ilikuwa imejipatia masafa mengi ya gigahezi 2.5 kwa kuinunua kampuni nyingine ya simu, Sprint, na washindani wake hawakuwa na kitu cha kulingana nayo. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya bei ile ilitokana na hofu ya kuachwa nyuma.

Simu yangu inaonyesha 5G lakini kasi ni ileile ya zamani. Nimedanganywa?

Huenda hukudanganywa. 5G inaweza kurushwa kwa masafa ya chini au ya juu, na tofauti yake ni kubwa. Wimbi la megahezi 600 lina urefu wa takriban nusu mita, linasafiri mbali na kupenya kuta vizuri, ila kipande ambacho kampuni inakuwa nacho huko chini kwa kawaida ni chembamba, kwa hiyo hubeba data kidogo. Wimbi la gigahezi 3.7 lina urefu wa takriban sentimita 8, na huko juu kampuni hupata vipande vipana vyenye kasi kubwa, lakini mnara mmoja hufunika eneo dogo zaidi. Alama ya 5G kwenye kioo cha simu haikuambii uko kwenye masafa yapi.

Kampuni mbili zikiungana, je, mtandao hufika mbali zaidi? Kila mara ndivyo wanavyoahidi.

Ahadi hiyo huwa ni hoja ya kuwashawishi wadhibiti, na inafaa isomwe hivyo. Kinachonunuliwa hasa katika muungano wa namna hii ni masafa na wateja, pamoja na kumwondoa mshindani mmoja sokoni. Tukio la mwaka 2011 linaonyesha jambo hili waziwazi kuliko mengine yote.

Machi mwaka huo kampuni ya simu ya AT&T ilitangaza kwamba itainunua T-Mobile USA kutoka kwa kampuni mama yake ya Ujerumani, Deutsche Telekom, kwa dola bilioni 39. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba bila muungano mtandao wake wa 4G ungewafikia takriban asilimia 80 tu ya Wamarekani, na muungano ukikubaliwa ungewafikia asilimia 97. Ilivutia, hasa kwa wabunge wa majimbo yenye vijiji vingi. Kisha, mwezi Agosti, barua ya wakili wa AT&T iliyokusudiwa kubaki siri iliwekwa kimakosa kwenye tovuti ya FCC, nayo ilieleza kwamba kutoka asilimia 80 hadi 97 kungegharimu takriban dola bilioni 3.8. Kampuni iliyosema haina njia ya kuwafikia watu wa vijijini ilikuwa tayari kutoa mara kumi ya fedha hizo ili kumnunua mshindani.

Tarehe 31 Agosti Wizara ya Sheria ilifungua kesi kuuzuia muungano, na Desemba AT&T ikajitoa. Mkataba uliilazimu kutoa fidia ya dola bilioni 3 taslimu, masafa, na makubaliano ya kuwaruhusu wateja wa T-Mobile kutumia minara yake. Yaliyofuata ndiyo yenye uzito zaidi kwa swali lako. Novemba 2012 AT&T ilitangaza mpango wa kuwafikishia 4G watu milioni 300 ifikapo mwisho wa 2014, bila T-Mobile. Nayo T-Mobile, ambayo wengi waliiona haina maisha marefu, mwaka 2013 ilijiunga na kampuni ndogo ya simu ya MetroPCS, ikafuta mikataba ya miaka miwili iliyokuwa ikiwafunga wateja, na kampuni kubwa zikalazimika kuifuata.

Sisemi kwamba muungano hauwezi kamwe kuboresha mtandao. Kampuni moja ikiwa na masafa ya chini na nyingine ya juu, kuyaweka kwenye minara ileile huleta faida halisi. Swali la kujiuliza ni kama faida hiyo isingepatikana kwa njia nyingine isiyopunguza ushindani.

Je, kuna muungano ulioshindwa kabisa?

Upo wa Sprint na Nextel, mwaka 2005. Teknolojia za mitandao yao hazikupatana, kwa hiyo kampuni moja ikawa inaendesha na kulipia mitandao miwili, huku wateja wa Nextel wakihama. Mapema mwaka 2008 ilibidi ifute kwenye vitabu vyake thamani ya karibu dola bilioni 30, na mtandao wa Nextel ukazimwa Juni 2013.

Kama muungano wa 2011 ulizuiwa, mbona T-Mobile iliruhusiwa kuinunua Sprint?

Mazingira yalikuwa tofauti kidogo, kwa kuwa Sprint ilikuwa dhaifu huku ikiwa imekalia masafa mengi ya gigahezi 2.5 ambayo haikuwa na fedha za kuyajengea minara. Majimbo kadhaa yakiongozwa na New York na California yalipinga mahakamani, lakini Februari 2020 Jaji Victor Marrero akaamua dhidi yao, na muungano ukakamilika tarehe 1 Aprili.

Wizara ya Sheria ilikubali kwa sharti kwamba pengo la Sprint lizibwe na Dish, kampuni ya televisheni ya satelaiti, ambayo ingenunua Boost Mobile, biashara ya Sprint ya simu za malipo ya kabla, na kujenga mtandao wake yenyewe kwa masafa iliyokuwa imeyalimbikiza kwa miaka mingi. Kwa upande wake T-Mobile iliahidi kuwafikia kwa 5G asilimia 97 ya watu katika miaka mitatu na asilimia 99 katika miaka sita. Ahadi hiyo inapimika, tofauti na maneno ya matangazo. Sharti la Dish ndilo lililoyumba. Ilijenga kiasi, ikaomba kuongezewa muda, na mwaka 2025, ikiwa chini ya kampuni mama yake, EchoStar, na FCC ikihoji jinsi inavyoyatumia masafa yake, ikatangaza kuiuzia AT&T sehemu yake kwa takriban dola bilioni 23 na nyingine kwa kampuni ya roketi na satelaiti ya SpaceX kwa dola bilioni 17. Wateja wa Boost wakapangiwa kutumia zaidi minara ya AT&T. Mshindani wa nne aliyebuniwa kwenye makaratasi hakuwahi kuwa mshindani sawasawa.

Ramani ya kampuni inaonyesha mtandao upo, simu inasema haupo. Nani mkweli?

Simu. Ramani hutokana na hesabu za kompyuta, si na kipimo cha mahali uliposimama. Desemba 2019 watumishi wa FCC walitoa taarifa baada ya kuzunguka kwa magari wakipima mitandao ya Verizon, T-Mobile na U.S. Cellular, na vipimo vilivyofikia kasi ya chini iliyotakiwa vilikuwa takriban asilimia 62 tu. Ramani hizo zilikuwa zitumike kugawa ruzuku ya mtandao wa vijijini, kwa hiyo kijiji kilichochorwa kimakosa kuwa kina 4G kingekosa fedha.

Sheria iliyopitishwa Machi 2020 ilibana hesabu hizo: kampuni inapodai kufika mahali, uwezekano wa kupata kasi inayotakiwa kwenye ukingo wa eneo la mnara usipungue asilimia 90, na hesabu ichukulie kwamba angalau nusu ya uwezo wa mnara inatumiwa na watu wengine. Ramani mpya ya taifa ilitoka Novemba 2022, na mkazi wa Marekani anaweza kuipinga kwa kupima kasi akitumia programu ya FCC na kutuma matokeo. Zingatia pia kwamba asilimia zinazotajwa na kampuni kwa kawaida ni za watu, si za ardhi. Inawezekana kuwafikia asilimia 97 ya watu na bado ukaacha jangwa, misitu na barabara ndefu bila mnara hata mmoja.