Kila ukibonyeza C gemu inasimama: tundu la padi kwenye Sega ya zamani

Mpwa wangu ndiye aliyegundua. "Anko, hii padi iko na wazimu," akaniambia, akimaanisha kile kidude cha vitufe cha kuchezea. Alikuwa anacheza gemu ya Sonic kwenye Mega Drive yangu, mashine ya gemu ya Sega, ile nyeusi ya toleo la kwanza. Kila akibonyeza C, Sonic anaruka halafu gemu inasimama papo hapo, kana kwamba kuna mtu kagusa Start. Akibonyeza C tena, inaendelea. Start yenyewe, kimya. A, kimya. Mishale yote minne ilikuwa sawa, na B ilirusha bila tatizo.

Niliibeba hadi mjini, Luthuli Avenue, kwa sababu kila kitu chenye waya Nairobi hupelekwa huko. Fundi akachomeka padi yake, akapata yaleyale, akaitikisa mashine karibu na sikio, akaniambia, "Boss, hii bodi imekufa. Tafuta ingine." Nikalipa ya kuangaliwa, nikapanda matatu nikiwa nimeipakata kama mtoto.

Ndani ya matatu ndipo nilipoanza kuwaza. Bodi iliyokufa haichagui vitufe. Hii ilikuwa inachagua, tena kwa mpango.

Padi ya kawaida ya Mega Drive ina mishale minne, A, B, C na Start. Hivyo ni vitu vinane. Tundu la mashine lina pini tisa, lakini pini ya 5 ni ya umeme wa volti 5, ya 8 ni hasi, na ya 7 ni ya mashine kuuliza swali. Zinabaki sita za kujibu: 1 ni juu, 2 chini, 3 kushoto, 4 kulia, halafu 6 na 9. Majibu manane kwenye waya sita hayatoshi, kwa hiyo 6 na 9 hufanya kazi kwa zamu. Mashine ikipandisha volti ya pini ya 7, padi inajibu habari za B kupitia 6 na za C kupitia 9. Ikiishusha, waya zilezile zinabeba A na Start. Chipu ndogo iliyo ndani ya padi ndiyo inayogeuza kibao, kama matatu moja inayokwenda Ngong asubuhi na Rongai jioni.

Sasa pini ya 7 ikikatika, kibao kinaganda upande mmoja. Mashine inauliza "Start imebonyezwa?" na padi, ambayo haikusikia swali limebadilika, inajibu habari za C. Ndiyo maana C ilikuwa inasimamisha gemu. B nayo ilikuwa inajifanya A, ila kwenye Sonic vitufe vyote vitatu ni vya kuruka, kwa hiyo huwezi kuona tofauti.

Nilifika nyumbani nikijua pini ninayoitafuta kabla sijashika bisibisi.

Kwa hiyo ukiwa na mashine kama hii, kaa nayo kwanza dakika tano na kalamu. Andika kitufe gani kinakataa na kipi kinafanya kazi ya mwenzake. Mshale mmoja tu ukikataa, tafuta pini yake. B na A zikikataa pamoja, ni 6. C na Start zikikataa pamoja, ni 9. Kila kitu kikikataa au vitufe vikifanya ovyo, anza na 5 na 8. Na kabla ya hayo yote, jaribu padi nyingine kwenye tundu lilelile! Mara nyingi kosa si la tundu, ni waya wa padi uliokatika kwa ndani pale unapoingia kwenye plagi, kwa sababu ndipo unapokunjwa. Padi mbili zikiwa na kasoro moja, hapo sasa lishuku tundu. Kuhamia tundu la pili hakutakusaidia sana, maana gemu nyingi za mtu mmoja husikiliza la kwanza peke yake.

Tahadhari moja ya mtaani: zile padi za gemu za bei nafuu za Kichina, ambazo wengi tulilelewa nazo, nyingi zina plagi ya pini tisa inayoingia vizuri kabisa kwenye Sega. Usizitumie kupima. Waya zake zimepangwa tofauti, na utaongeza ugonjwa juu ya ugonjwa.

Chomoa stima, toa kaseti, fungua skrubu za chini, kisha bati linalofunika bodi. Yangu ilikuwa na vumbi la miaka na mabaki ya mende wawili. Nilipangusa kwa mswaki mkavu, halafu pini nikazisugua kwa spiriti. Kwa baadhi ya watu kazi inaishia hapo. Spiriti ya duka la dawa mara nyingine huwa na mafuta ndani, kwa hiyo ukipata ile safi ya mafundi wa simu ni bora zaidi.

Kuhesabu pini: tazama tundu usoni, safu ndefu ya tano ikiwa juu. Kushoto kwenda kulia ni 1 hadi 5, na safu ya chini ni 6 hadi 9. Ukigeuza bodi kutazama upande wa lehemu, kila kitu kinageuka kama kwenye kioo. Hapo nilikosea mara mbili.

Kisha nikaegemeza bodi, nikamulika kwa tochi ya simu kwa pembeni. Ukimulika kutoka juu huoni kitu. Kwa pembeni, kuzunguka pini ya 7, palikuwa na mstari mwembamba mweusi kama pete. Lehemu imepasuka. Nikaisukuma pini kwa kijiti cha meno, ikacheza. Hiyo ni kazi ya miaka ya watoto kuvuta padi wakikimbilia sofa. Nilithibitisha kwa mita, stima ikiwa imezimwa: ncha moja kwenye pini, nyingine kwenye njia ya shaba inayotoka pale. Kimya. Nilipobonyeza pini kwa kidole, mita ikalia.

Kurekebisha kulikuwa kufupi kuliko kutafuta. Nilitumia chuma cha kulehemia cha wati 30. Nilitoa lehemu ya zamani, nikapaka rosini (ile nta inayosaidia lehemu kushika), nikagusa pini na shaba kwa pamoja sekunde mbili tatu, nikaongeza lehemu kidogo mpaka ikatulia kama kilima kidogo kinachong'aa. Usiikalie sana, shaba itabanduka kwenye bodi na hapo utahitaji kuunganisha kwa waya. Pini zingine nane nazo nikazipitia, kwa vile zimevutwa pamoja na hiyo miaka yote. Ukitaka kupima zile volti 5 kati ya 5 na 8, mashine lazima iwe imewashwa, basi shika ncha za mita kwa utulivu zisigusane.

Kabla ya kufunga nilibandika karatasi ndani ya mfuniko yenye namba za pini na kazi zake. Mpwa wangu akachomeka padi, akabonyeza C mara kumi mfululizo bila kusema neno, kisha akabonyeza Start, gemu ikasimama. "Anko," akasema, "sasa shika ya pili."