"Kesho" ni siku gani?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Kamusi yangu inalipa neno "paa" maana kadhaa: mnyama, kifuniko cha nyumba, kuruka kwenda juu. Lakini "kesho" ina maana moja tu, ilhali kesho ya leo si kesho ya juzi. Hata "mimi" nikitamka ni mimi, ukitamka wewe ni wewe. Je, watunga kamusi wamepitiwa?

JIBU: Marahaba. Hawakupitiwa. "Paa" ni maneno tofauti yaliyokutana kwenye sauti. "Kesho" ni neno moja lenye kanuni moja: siku inayofuata ile ya kusema. Kanuni haisogei, anayesogea ni msemaji. "Mimi" nalo humtaja yeyote anayelitamka, na jina lake kamusi italipata wapi?

Kiswahili kimelipanga jambo hili kwa ustadi ambao hadi leo hunifurahisha. "Hapa" ni nilipo mimi. "Hapo" ni ulipo wewe, au mahali ambapo tumeshapataja. "Pale" ni mbali nasi sote. Isikilize hiyo "o" ya mwisho, katika "huyo", "hicho", "huko": humwelekea msikilizaji, au humrudisha kwenye lililokwisha kusemwa. Ndiyo maana barua husema "huku sisi wazima, sijui huko". Badilisha irabu moja tu, na mwandishi atakuwa anauliza hali yake mwenyewe.

Tabu huja neno linapobaki peke yake. Mwanaisimu Charles Fillmore, katika mihadhara yake ya mwaka 1971, alitoa mfano wa ujumbe uliookotwa baharini ndani ya chupa: tukutane hapa kesho adhuhuri, uje na fimbo ya ukubwa huu. Hapa wapi? Kesho ya lini? Ukubwa gani? Kila neno linaeleweka, na bado aliyeuokota hana pa kwenda.

Mimi yalinikuta. Nilirudi safarini nikakuta karatasi chini ya mlango, mwandiko wa dada yangu: "Nimekuja sikukukuta. Nitarudi kesho." Haikuwa na tarehe. Nilishinda nyumbani siku iliyofuata nikimsubiri, kumbe kesho yake ilishapita siku mbili nyuma, naye alikuwa amerudi, akabisha hodi, akaondoka. Iliniuma sana. Tangu hapo, kila "jana" na "kesho" inayopita mezani kwangu kwenda chapani naifuta, naandika tarehe.